Ramani ya zamani ya upande wa Bahi, 1:50,000: inunue, ila dai na pembeni zake

Kama nyumbani kuna mzee aliyekulia Ugogo kabla ya Operesheni Dodoma, ile iliyowahamisha watu kutoka makazi yao ya zamani, mletee karatasi hii. Ni nakala ya rangi ya ramani iliyochorwa kutokana na picha za ndege, watu wakiwa bado hawajahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Sentimita 2 ni kilometa 1, kwa hiyo hata vitu vidogo vimepata nafasi: Mto Bubu unavyoingia mbugani (bonde la majimaji la Bahi), Reli ya Kati, makorongo, njia za miguu.

Utamu wenyewe uko kwenye vinukta vyeusi. Kila kinukta ni nyumba. Leo nyumba zimejipanga kando ya barabara. Humu zimetawanyika hadi chini ya vilima, mbili hapa, tatu kule, kila ukoo na tembe lake, zizi na shamba palepale.

Babu hajawahi kusoma ramani. Nilimtajia jina la korongo, akauliza reli iko upande gani, nikamwonyesha. Akakaa kimya kidogo, kisha akagusa vinukta viwili: "Hapa kwa kaka yangu. Hapa kwetu. Ng'ombe kiangazi tulikuwa tunawashusha hivi." Ukucha wake ukateremka hadi mbugani, na njia ya miguu imechorwa hapohapo alipopita. Nilisisimka mwili mzima.

Duka lililonichapia lilikata pembeni ili karatasi itoshe. Ufunguo wa alama ukaenda, na mwaka wa picha za ndege pia. Ramani ya namna hii bila mwaka wake imepoteza nusu ya thamani. Nilidai nyingine, nikalipa tena. Mistari ya kontua, ile ya kuonyesha mwinuko, imefifia kidogo, na urefu wa vilima umeandikwa kwa futi, lakini majina yote yanasomeka.

Ukitaka kuifuata kwa simu, kwenye programu ya ramani chagua Arc 1960, mfumo wa vipimo uliotumika kuchora ramani hizi. Ukiacha mpangilio wa kawaida wa GPS, utaangukia karibu mita 300 kutoka mahali penyewe, na kwa anayetafuta kaburi la ukoo vichakani, hizo ni nyingi mno.

Nililipa shilingi 20,000 kwa karatasi nene. Nyepesi ni nafuu, ila huchanika kwenye mikunjo, na hii wazee watataka ikunjuliwe kila mgeni akija.