Columbo, sanduku zima: hatimaye nimeuona mwisho niliokatiwa mwaka 1987

Mwaka 1987 mjomba alikuja Mombasa likizo kutoka Dubai na mablanketi mawili mazito, deki ya VHS, na kanda kumi na mbili alizozirekodi mwenyewe kwenye televisheni ya huko. Ile deki ilipokelewa kama bi harusi. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma, ikawekwa juu ya kabati, na ikifika magharibi sebule inajaa mpaka watoto wa nyumba ya tatu. Kanda iliyogombewa kuliko zote ilikuwa ya Columbo, mchezo wa Kimarekani wa televisheni kuhusu mpelelezi wa polisi. Ilikuwa E-180, maana yake dakika 180, na mjomba kwa ubahili wake alishindilia humo hadithi mbili, kila moja saa moja na nusu na ushei, matangazo ya biashara juu. Hesabu piga mwenyewe. Ya kwanza iliisha salama. Ya pili, ile ya mtengenezaji mvinyo, ilifika pale bwana huyo anaonja kinywaji mkahawani, uso unamwiva, anamfokea mhudumu kwamba ameletewa kitu kilichooza. Hapo hapo deki ikalia trak! Kanda ikaanza kujirudisha.

Tuliitazama labda mara ishirini, na mara zote ishirini tuliishia pale mkahawani.

Ubaya wake ni huu. Hadithi nyingine ya upelelezi ukikatiwa mwisho, unakosa kumjua muuaji. Columbo hana siri hiyo. Dakika za mwanzo unaonyeshwa kila kitu: nani kaua, kwa nini, kajiandalia vipi ushahidi wa kwamba hakuwapo. Ndipo anaingia kibaba mmoja mfupi, koti la mvua limekunjamana kana kwamba kalilalia, biri mkononi, anatafuta kalamu mifukoni haipati. Unachokaa kusubiri ni swali moja tu: atamnasa kwa lipi? Na hilo "lipi" ndilo lililobaki ndani ya deki.

Basi mwaka huu mpwa wangu aliyeko Marekani akaniuliza nataka nini. Nikamwambia nataka Columbo, yote. Akaniletea sanduku la DVD lenye hadithi zote 69, kuanzia ya majaribio ya mwaka 1968 hadi ya mwisho ya 2003. Nimemaliza wiki iliyopita, na nayaandika haya kwa yeyote anayefikiria kununua.

Kwanza, tahadhari kabla hujatoa pesa. Dunia imegawanywa katika kanda, yaani maeneo, na diski ya eneo moja hukataliwa na mashine ya eneo jingine. Diski zinazouzwa Marekani ni za kanda ya 1. Sisi huku tumepangwa kanda ya 5. Kijana wangu alizitia kwenye kompyuta, ikakataa, ikamuuliza kama anataka kubadilisha kanda. Akabofya ndiyo. Hakusoma maandishi madogo yanayosema unaruhusiwa kubadilisha mara tano tu, halafu inajifunga. Alicheza na diski za huku na za kule mpaka nafasi zikabaki mbili, ndipo akaja kuniambia. Kilichotuokoa ni kideki cha bei poa kilichokuwa kimetupwa chini ya ngazi, kile kisichouliza diski imetoka wapi. Kikameza zote isipokuwa moja iliyofika na mkwaruzo, ambayo hadi leo inaganda katikati ya mazungumzo. Muuzaji hajajibu ujumbe wangu hata mmoja.

Jambo jingine, angalia mpangilio wa runinga yako. Picha hizi ni za umbo la runinga za zamani, karibu mraba. Runinga za sasa huzivuta zijaze kioo, na siku mbili za mwanzo nilidhani Peter Falk, mwigizaji wa Columbo, alikuwa mnene. Rudisha kwenye 4:3, uachie pande mbili ziwe nyeusi. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, na utayahitaji, maana Falk anaongea kama mtu mwenye njugu mdomoni.

Sasa vipindi vyenyewe.

Niseme mapema kwamba mimi ni karani wa mahakama. Miaka 28 nimekaa chini ya meza ya hakimu nikipokea vielelezo, nikivibandika namba, nikiandika nani kakileta na kilikaa wapi. Kwa hiyo natazama mambo haya kwa jicho bovu. Mke wangu alichoka mapema. "Baba Salma, tuache tutazame, kesi si yako!" Lakini siwezi. Chukua hadithi ya kwanza ya mfululizo wenyewe, "Murder by the Book" ya Septemba 1971, iliyoongozwa na Steven Spielberg akiwa kijana wa miaka 24. Inaanza bila muziki: gari linapita barabarani, na unachosikia ni mlio wa taipureta tu, tak tak tak, mpaka unajikuta umekaa ukingoni mwa kiti na hujui kwa nini. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua kazi. Waandishi wawili wa riwaya za upelelezi, mmoja ndiye anayeandika, wa pili ndiye anayependeza kwenye mahojiano. Huyu wa pili, Jack Cassidy, anamuua mwenzake. Na Columbo anamkamata kwa nini? Kwa karatasi yenye wazo la hadithi, alilolibuni marehemu, linalofanana na mauaji yalivyofanyika, na kumbukumbu za pesa benki. Muuaji anakiri pale pale! Wakili wa mwaka wa kwanza hapa Mombasa angesimama, akavuta suti yake, akaomba mteja wake aachiwe, na angeachiwa.

Nusu ya kesi zake ni hivyo. Mtego, maneno, aibu, halafu mshtakiwa anainamisha kichwa. Zilizobaki nazivulia kofia. "A Stitch in Crime" ya 1973, ambapo Leonard Nimoy ni daktari wa upasuaji aliyemshona mgonjwa wa moyo kwa uzi unaoyeyuka mwilini badala ya ule wa kudumu, ili afe polepole bila mtu kushtuka. Uzi ule ukipatikana ni kielelezo halali, unashikika, unabandikwa namba. Columbo anapekua kila mahali haupati, na ulipokuja kuonekana nilipiga kelele peke yangu saa tano usiku. Sitasema ulikuwa wapi. Ndani ya hadithi hiyo pia ndipo Columbo, ambaye cheo chake ni Luteni, anapokasirika kwa kweli. Anaupiga mtungi wa maji mezani mbele ya daktari, na yule mzee mpole anapotea kabisa kwa sekunde kadhaa. Nilirudisha nyuma mara tatu kuuangalia uso ule. Falk alikuwa na jicho moja tu la kweli, la kulia alitolewa akiwa na miaka mitatu, na mtazamo wake wa kupinda unaomfanya muuaji ajione mwerevu zaidi unatokana na jicho hilo la kioo. Koti pia lilikuwa lake mwenyewe, la nyumbani.

Mama Salma hana habari na ushahidi. Yeye anafuatilia adabu. Kinachomfurahisha ni jinsi matajiri wa Los Angeles wanavyompokea Columbo: wanampa kiti cha pembeni, wanamwonya asiangushe majivu zuliani, wanamweleza mambo polepole kama mtoto. Naye anashukuru, anasifia nyumba, anauliza viatu vile vimenunuliwa bei gani. Anaaga. Anafika mlangoni, mwenye nyumba anashusha pumzi, kisha baba anageuka, kidole hewani: kuna jambo moja dogo amelisahau. "Huyo sasa," mke wangu anasema, "huyo ni mgeni wa mswahili, haagi mara moja."

Tulibishana sana kuhusu mke wa Columbo. Kila hadithi anatajwa, anapenda hiki, amesema kile, na haonekani hata siku moja. Mama Salma anashikilia kwamba hayupo, Luteni anamzua ili watu wamwone mnyonge. Mimi nasema yupo, ila anamficha kama watu wenye busara. Mwaka 1979 wakuu wa kituo cha televisheni cha NBC waliamua kumtoa hadharani, wakamtengenezea mfululizo wake na Kate Mulgrew. Haukufika mbali, na hata Richard Levinson na William Link waliombuni Columbo hawakuutaka. Ushahidi huo mke wangu anausomea upande wake.

Na gari, jamani. Peugeot 403 isiyo na paa la kudumu, rangi imepauka, inatoa moshi na kukohoa. Watu wa rika langu hapa pwani Peugeot tunaijua kwa heshima nyingine. Peugeot 404 ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1966, 1967 na 1968 mfululizo, na 504 za abiria zilitupandisha Nairobi usiku tukiwa tumebanana kama dagaa. Mjomba alikuwa akiiona ile 403 anatikisa kichwa: "Gari la Safari hilo, huyu mzee kalifanyaje?"

Si zote nzuri. Usidanganywe na wanaosema kila moja ni almasi. Zile za saa moja na robo zimekaza kama ngoma. Zile zilizorefushwa zijaze saa mbili za televisheni mara nyingi zinaburuta, utamwona Luteni anatembea ndani ya jumba dakika nne nzima bila sababu. "Last Salute to the Commodore" ya 1976 ni mkorogo, na inaniuma kwa kuwa aliyeiongoza ni Patrick McGoohan, ambaye akiwa muuaji mbele ya kamera hana mpinzani. Zile zilizorudi kupitia kituo kingine, ABC, kuanzia 1989 zina nywele nyingi na muziki mbaya. Mbili kati yake, ya 1992 na ya 1994, zilichukuliwa kutoka riwaya za Ed McBain, na hiyo ya 1992 haina hata muuaji wa kumsumbua mlangoni. Ukiwa na haraka, tazama zile za miaka ya sabini, uziache hizi kwa siku ya mafua.

Kwa kulinganisha, mpwa wangu alinitilia pia kwenye flashi vipindi vichache vya Rockford na vya Magnum, wapelelezi wengine wa runinga ya Marekani. Rockford wa James Garner nilimpenda mara moja. Anaishi kwenye trela ufukweni Malibu, anadai dola 200 kwa siku na gharama juu, hapendi kushika bunduki, na wateja hawamlipi. Huyo namjua, anakuja mahakamani kila Jumatatu. Magnum ni mandhari ya Hawaii na Ferrari nyekundu, vizuri kwa kula nayo chakula. Nilicheka tu kujua kwamba yule Higgins, Mwingereza kuliko Waingereza, aliigizwa na John Hillerman, mtu wa Texas.

Turudi kwenye mvinyo. Hadithi inaitwa "Any Old Port in a Storm", ya Oktoba 1973, na muuaji ni Adrian Carsini, anayeigizwa na Donald Pleasence. Niliiacha makusudi hadi mwisho, Ijumaa usiku, watoto wamelala. Carsini anapenda mvinyo kuliko watu. Ndugu yake wa baba anataka kuliuza shamba, Carsini anampiga, anamfunga ndani ya ghala la chupa, anazima mtambo wa hewa, anakwenda New York wiki nzima akimwacha afe. Nilikuwa nakumbuka kila kitu mpaka rangi ya tai. Tukafika mkahawani. Anaonja. Uso unaiva. Anamfokea mhudumu. Nikajikuta nimeshika rimoti kwa mikono miwili nikingoja mlio wa trak.

Haukuja. Kumbe ile chupa ilitoka kwenye ghala lake mwenyewe. Columbo aliichukua kimyakimya. Wakati mtambo umezimwa kulipita siku ya joto kali, na mvinyo wote mle ndani ukaharibika, na duniani hakuna wengi wenye ulimi wa kuligundua hilo isipokuwa mwenyewe. Amejishuhudia kwa ulimi wake. Hapo karani ndani yangu akanyanyua kichwa: chupa imetolewa kwa mtu bila hati ya upekuzi, kielelezo kinakataliwa, mshtakiwa nyumbani. Lakini sikusema kitu. Carsini alikuwa anazirusha chupa zake baharini moja moja, kisha yuko ndani ya ile Peugeot mbovu, na Luteni anamtolea mvinyo mtamu aliouchagua mwenyewe baada ya kujifunza, na muuaji anamsifu kwamba amejifunza vyema. Wanakunywa. Basi.

Asubuhi nikampigia mjomba. Ana miaka 81, masikio bado mazima. Nikamhadithia mwisho wote, chupa, joto, bahari. Akanisikiliza hadi nikamaliza.

"Naujua," akasema. "Nilikuwa nimekaa mbele ya televisheni naurekodi, sikuuona?"

"Mjomba, miaka yote hii!"

"Hukuuliza."