Meserani Snake Park: nyoka wa kutazama kwa utulivu

Iko kilomita 25 hivi kutoka Arusha mjini, kando ya barabara ya Dodoma. Gari la Makuyuni linakushusha karibu na geti. Saa moja na nusu inatosha, ila usiwaburuze watoto haraka haraka. Nyoka wengi hujibanza chini ya jiwe au kona ya juu kwenye tawi, na anayepita mbio huondoka akisema vizimba vitupu.

Simama kwa koboko, nyoka ambaye kwa Kiingereza huitwa black mamba, yaani mamba mweusi. Ngozi yake ni ya kijivu. Weusi uko ndani ya kinywa. Kisha mtafute kifutu: hatikisiki, rangi yake ni ya majani makavu, na ndiyo maana wakulima humkanyaga. Kwa somo hilo pekee kiingilio kimelipa.

Picha zikitoka na mng'ao, zima flashi na ubandike simu kwenye kioo. Usigonge: nyoka huhisi mtikisiko na hujificha zaidi.

Pana mamba, kobe, makumbusho ya Wamasai na ngamia wa kupanda. Ngamia waendeeni asubuhi, kabla jua la Meserani halijawa kali. Kofia na maji ni lazima.