Miche mitano ya miembe ya kubebesha: tathmini baada ya misimu minne ya mavuno

Machi 2018, masika yalipoanza kushika hapa Kibaha, nilinunua miche mitano ya miembe ya kubebesha, yaani iliyounganishwa kikonyo cha aina bora juu ya shina la mche mwingine, katika kitalu kimoja cha kando ya barabara, kila mmoja kwa shilingi 5,000. Ilikuwa Apple mmoja, Kent mmoja, Tommy Atkins mmoja na Keitt miwili. Niliipanda nyuma ya nyumba, karibu na mwembe dodo alioupanda marehemu baba, na tangu mwishoni mwa 2021 imenipa matunda kila msimu. Ninaipima kama mtu anayelima kwa ajili ya meza yake. Mwenye kupeleka maembe sokoni angeweza kuipanga kinyume kabisa.

Apple ndiyo iliyonifurahisha na kunisumbua kuliko zote. Embe lake, lenye asili ya pwani ya Kenya, ni la mviringo, huwa la manjano yenye wekundu upande unaopigwa na jua, na nyama yake ni laini kiasi kwamba kisu hufika kwenye kokwa bila kukutana na uzi. Likiachwa liive mtini, maji yake hutiririka hadi kwenye kiwiko, na harufu hubaki mikononi hata baada ya kunawa. Lakini mti wenyewe hauna kinga. Mwaka 2022 ulichanua hadi majani yakawa hayaonekani. Zikaja asubuhi kadhaa za umande mzito, na baada ya wiki mbili ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe, ulikuwa umeyafunika mashada kama majivu, nilipotikisa tawi maua yakapukutika yote. Nilivuna maembe tisa. Siku hizi hupuliza salfa mashada yanapoanza kurefuka, kabla maua hayajafunguka, kisha hurudia, na mavuno yamerejea, ingawa madoa meusi ya ugonjwa wa chule bado hujitokeza kwenye maganda vuli inapokuwa na mvua nyingi.

Tommy Atkins haujawahi kunisumbua. Huzaa sana, ganda lake jekundu linapendeza macho, na embe lake hukaa jikoni siku nyingi bila kulainika. Hata hivyo, ukilila unakuta utamu mchache na nyuzi zinazoingia katikati ya meno. Aina hii ilitokea Florida, na katika miaka ya 1950 ilikataliwa huko zaidi ya mara moja na wataalamu wa maembe kwa sababu ya nyuzi na ladha yake, kabla wakulima hawajaipenda kwa kuwa inavumilia safari. Kwa mwenye nafasi ya miti miwili au mitatu tu, sioni sababu ya kuupanda.

Kent, nao wa Florida, ndio ninaoupendekeza kuliko yote. Nyama yake ni ya rangi nzito ya machungwa, karibu haina nyuzi, na hukomaa baada ya Apple, hivyo nyumba haikosi maembe. Keitt huchelewa zaidi, na huhitaji kuzoewa, kwa sababu hubaki na ukijani hata likiiva: msimu wa kwanza tulisubiri ligeuke rangi, tukayapoteza kadhaa yakioza yakiwa ya kijani. Lipime kwa kulibonyeza taratibu karibu na kikonyo.

Dodo la baba lina nyuzi, tena mti ni mrefu na hauvuniki bila upondo, lakini kwa achari sijapata embe bichi linalolishinda. Sitaukata.

Adui wa miti yote ni nzi wa matunda, hasa yule wa kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 kabla ya kuenea Afrika. Nje utaona tundu dogo kama la sindano lenye tone la utomvu. Ndani funza wamekwisha kuigeuza nyama kuwa uji. Mimi huyavika maembe mifuko ya karatasi yakiwa madogo, na yaliyoanguka huyafunga katika mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani. Dodo, ambao una viota vya majimoto, wale chungu wakali wa mtini wanaowafukuza nzi, haushambuliwi sana kama mingine; ndiyo maana chungu hao siwaui, japo siku ya kuvuna huniuma.

Sasa kuhusu kitalu. Miche ilikuwa na mizizi mizuri na hakuna uliokufa, na hilo nalishukuru. Lakini miwili ilikuja na utepe wa nailoni ukiwa bado umefungwa pale ilipounganishwa, umezama katika gome na kulikaba shina; niliukata kwa wembe. Kosa kubwa zaidi lilikuwa mmoja wa ile Keitt miwili. Ulipozaa ulitoa maembe madogo yenye nyuzi tupu, na nilipochunguza chini niliona kikonyo kilichobebeshwa kimekauka, kimebaki kama kisiki cha kidole, na mti wote umetokana na chipukizi la chini ya kiungo. Muuzaji aliniuliza kwa nini sikulirudisha jambo hilo mapema. Kwa hiyo kabla ya kulipa, tafuta kovu la kiungo kwa kidole, na uhakikishe majani yote yanatoka juu yake.

Mti huo nimeukata kiunoni mwezi uliopita. Machipukizi yake yakifikia unene wa penseli, nitayabebesha vikonyo kutoka kwenye Kent wangu.