Siklameni au okidi dirishani wakati wa baridi?

Kila Novemba ubishi huu wa maua mawili ya chungu hurudi kwa tunaoishi Ulaya. Kwa bei, siklameni kwa kawaida ni nafuu, basi. Kinachoamua hasa ni joto la nyumba. Siklameni asili yake ni mashariki mwa Mediterania na hupenda nyuzi 10 hadi 16. Iweke juu ya hita uone: majani manjano, vikonyo vimelala. Okidi ya kawaida ya dukani inataka sebule ya nyuzi 18 na zaidi.

Siklameni usiimwagilie juu, kiazi chake kilicho udongoni kitaoza. Weka chungu kwenye sahani ya maji nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Ua likinyauka, shika kikonyo chini kabisa, kizungushe, king'oe chote. Kipande kikibaki huleta ukungu. Okidi haina shughuli hizo, maji mara moja kwa wiki yanaitosha.

Kiangazi siklameni hulala, na wengi huitupa wakidhani imekufa. Haraka ya bure.

Una paka? Chukua okidi, kiazi cha siklameni ni sumu kwake. Lakini kama chumba chako ni baridi na chenye mwanga, okidi itateseka humo, siklameni itachanua miezi kadhaa.