Let's Encrypt mikononi mwa wanaojitolea: tathmini ya huduma ya vyeti vya usalama

Mradi wetu wa programu huria una seva tatu: moja hubeba tovuti na nyaraka, ya pili hutunza msimbo, na ya tatu husambaza mafaili ya usakinishaji. Tunaozihudumia ni watu wanne, kila mmoja akiwa na ajira yake kwingine, na kazi ya seva huifanya usiku au mwisho wa wiki bila malipo. Tangu mwaka 2018 vyeti vyote, yaani mafaili ya kidijitali yanayothibitisha utambulisho wa tovuti na kuziwezesha seva hizo kuwasiliana na vivinjari kwa HTTPS (njia iliyosimbwa), vimetoka Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti hivyo. Naipendekeza huduma hii kwa mradi wowote wa aina yetu, lakini naipendekeza kwa sababu ambayo wengi hawaitaji kwanza.

Wengi hutaja bei. Ni kweli kwamba vyeti hivi havilipiwi hata senti, kwa kuwa vinatolewa na Internet Security Research Group, shirika la Marekani lisilotafuta faida ambalo huishi kwa michango na ufadhili, na ambalo lilianza kuhudumia umma Desemba 2015. Hata hivyo, fedha haikuwa shida yetu kubwa. Zamani tulinunua cheti kimoja kila mwaka kwa muuzaji mmoja, na mwenzetu aliyekilipia kwa kadi yake ndiye aliyepokea barua pepe za kukumbusha. Alipoacha kushiriki katika mradi, barua hizo ziliendelea kwenda katika sanduku lake, sisi wengine hatukuziona, na cheti kikaisha muda Jumamosi moja huku watumiaji wakikutana na onyo jekundu kila walipotaka kupakua programu yetu. Katika mradi wa kujitolea watu huja na kuondoka, na kila jambo linalotegemea kumbukumbu ya mtu mmoja huondoka naye. Let's Encrypt ilituondolea utegemezi huo.

Cheti chake cha kawaida hudumu siku 90 tu, na nimewasikia wasimamizi wengi wakilalamikia ufupi huo. Mimi nauona kuwa ndio ubora wake mkuu, kwa kuwa hakuna anayeweza kuvumilia kuhuisha vyeti kwa mkono kila baada ya miezi mitatu, hivyo kazi hiyo hukabidhiwa mashine tangu siku ya kwanza. Programu iliyo kwenye seva, kwetu ikiwa ni Certbot inayotunzwa na Electronic Frontier Foundation, huomba cheti kwa ACME, itifaki ya kuomba na kutoa vyeti bila mkono wa mtu, hupewa jaribio la kuthibitisha kwamba kikoa (jina la tovuti) ni chetu, hulijibu, kisha huchukua cheti na kukihifadhi. Jibu laweza kuwa faili dogo linalosomwa kupitia poti ya 80, mlango wa seva unaotumiwa na HTTP isiyosimbwa, au rekodi ya muda inayowekwa kwenye DNS, mfumo unaotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za seva. Njia hii ya pili ndiyo inayotakiwa kwa cheti kinachofunika vikoa vidogo vyote kwa pamoja, ambacho huduma ilianza kukitoa Machi 2018, na ndicho kilichotuvuta kuhamia.

Mashine nayo inahitaji kuangaliwa. Mwaka wetu wa pili, Certbot ilihuisha cheti bila kosa lolote na faili jipya likawa kwenye diski, lakini nginx, programu inayowapa wageni kurasa za tovuti, iliendelea kutumia cheti cha zamani kilichokuwa tayari kwenye kumbukumbu yake, kwa sababu sikuwa nimeiagiza ipakie upya mipangilio baada ya kila uhuishaji. Kila faili la kumbukumbu za matukio nililolikagua lilisema mambo yako sawa, na watumiaji ndio waliogundua kwamba hayako sawa. Safari nyingine mwenzetu, kwa nia njema kabisa, alifunga poti ya 80 akiamini kwamba tovuti yenye HTTPS haiihitaji tena, na uhuishaji ukashindwa kimyakimya kwa wiki tatu. Kwa sababu hiyo sasa tunacho kiprogramu kidogo, kilichowekwa nje ya seva hizo tatu, ambacho kila asubuhi huunganisha na kila kikoa chetu kama mgeni yeyote, husoma tarehe ya cheti kinachoonyeshwa hasa, na kutuarifu sote wanne zikibaki siku chini ya 20. Ulinzi wa namna hiyo sasa ni wa lazima, kwani tangu Juni 2025 Let's Encrypt imeacha kutuma barua pepe za kuonya kwamba cheti kinakaribia kuisha.

Viko vikomo vya matumizi ambavyo mgeni anapaswa kuvijua mapema. Vyeti vyenye orodha ileile ya majina havizidi vitano kwa wiki, na anayejenga kontena (kifurushi kinachoendesha programu kikiwa kimetengwa ndani ya seva) upya kila mara bila kuhifadhi vyeti nje yake atakifikia kikomo hicho kwa alasiri moja. Yapo mazingira ya majaribio yenye vikomo vilivyo vipana zaidi, na mazoezi yote yafanyike huko. Tena, kila cheti kinachotolewa huandikwa katika kumbukumbu za wazi zinazosomwa na dunia nzima, kwa hiyo seva ya majaribio iliyopewa jina la siri huacha kuwa siri mara tu inapopata cheti chake. Majina ya namna hiyo sisi tunayafunika kwa kile cheti cha vikoa vidogo vyote, ambacho hakitaji jina la kila kimoja.

Uaminifu wa mamlaka ya vyeti hupimwa siku inapokosea. Februari 29, 2020 Let's Encrypt iligundua hitilafu katika namna ilivyokagua rekodi za CAA, ambazo mwenye kikoa hutumia kusema ni mamlaka zipi zinaruhusiwa kukitolea vyeti, na kutangaza kwamba vyeti zaidi ya milioni 3 vingebatilishwa ndani ya siku chache. Ilichapisha namba za vyeti vyote vilivyoguswa pamoja na njia ya kuvikagua, kisha ilipoona kwamba zaidi ya milioni 1 vilikuwa havijabadilishwa, iliviacha kwa wakati huo ili isiwaumize watumiaji wa tovuti hizo. Uwazi wa namna hiyo ndio ninaoutarajia kwa anayenishikia jambo zito.

Dosari ninayoiona kubwa kwa wasomaji wetu inahusu vifaa vya zamani. Simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 hazina cheti-mzizi cha Let's Encrypt, yaani cheti cha msingi ambacho kifaa hukitumia kuamini vyeti vingine vyote vya mamlaka hiyo, na mpango wa saini ya mamlaka nyingine ambayo simu hizo ziliiamini ulifikia mwisho Septemba 2024. Kwa Afrika Mashariki, ambako simu moja hupita mikononi mwa watu wawili au watatu kabla ya kufa, hilo si jambo la pembeni. Kwenye ukurasa wetu wa kupakua tumeeleza kwamba Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti-mizizi, hivyo hufungua tovuti hata pale kivinjari cha simu kinapokataa. Mradi ambao watumiaji wake wengi wana vifaa hivyo uijaribu huduma hii juu ya simu halisi kabla ya kuhamia.

Aprili 2025 baraza linalounganisha watengenezaji wa vivinjari na mamlaka za vyeti lilipitisha kwamba kuanzia Machi 15, 2029 hakuna cheti cha umma kitakachodumu zaidi ya siku 47. Mradi unaohuisha kwa mkono utalazimika kurudia kazi hiyo takriban mara nane kwa mwaka kwa kila cheti. Kwetu sisi mabadiliko yatakuwa kuipunguza ile namba 20 katika kiprogramu chetu cha asubuhi, na tumekwisha kuliandika hilo katika orodha ya kazi za mradi, mahali ambapo atakayetupokea ataliona.