Riwaya Saba za Kusi: Uzoefu Wangu wa Kuagiza Vitabu hadi Lamu

Nasimamia nyumba ya wageni katika mtaa wa Mkomani, mjini Lamu, na kila mwaka, masika yanapoingia na upepo wa kusi kushika, kazi yangu hupungua hadi kubaki kufungua madirisha asubuhi na kuyafunga jioni. Bahari ya nje ya Shela huchafuka, mashua za kutembeza wageni hupandishwa pwani zikasuguliwa na kupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na baadhi ya hoteli hufungwa kabisa mwezi wa tano na wa sita. Kwa miaka mingi nimeipoteza miezi hiyo kwenye simu. Mwaka huu nilinunua riwaya saba za Kiswahili kabla mvua haijaanza, na hapa naeleza nilivyozichagua, zilivyonifikia, na ipi ilinifaa.

Wazo lenyewe nililipata kwa mgeni, mama mmoja wa makamo anayeishi Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwe. Alinieleza kwamba kwao jua halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, na kwamba ifikapo Oktoba huwa ameshaweka akiba ya riwaya za kumvusha majira hayo, kama sisi tunavyoweka mchele na sukari kabla ya masika. Alikuwa na utaratibu wake: kitabu kimoja kinene, kimoja cha upelelezi, na kimoja ambacho alikuwa amekishindwa mwaka uliotangulia. Kwetu jua huchomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima, lakini mtu aliyefungiwa ndani na mvua ya mwezi wa tano, umeme umekatika na hakuna mgeni wa kumpikia, anaweza kumwelewa mama yule vizuri sana.

Orodha yangu ya kwanza niliiandika kwa kufuata umaarufu, na ilikuwa mbaya. Nilipoipitia tena niliona kwamba karibu kila kitabu kilikuwa cha huzuni, na miezi mitatu ya mvua na matanga sikuiweza. Nikaanza kuuliza swali jingine: riwaya hii ina mwendo gani? Ipo inayokukimbiza, ukaimaliza kwa siku mbili na kubaki mikono mitupu. Ipo inayokuachia nafasi ya kuinuka ukatazame paa linavuja wapi, ukarudi na kukuta watu wake bado wamekaa pale pale wakikungoja. Vilevile nilihitaji vitabu vya kusomwa kwa sauti, kwa sababu mama yangu, ambaye husoma tenzi kwa hati ya Kiarabu lakini hati hizi za Kirumi zinamchosha macho, aliniambia wazi kwamba hatakubali nikae msanani, yaani ukumbini, na kitabu nikicheka peke yangu.

Vitabu sita niliviagiza kwa simu kutoka kwa muuzaji mmoja wa Mombasa. Nililipa shilingi 6,300, pamoja na 350 za kifurushi, kikapakiwa basi la usiku hadi Mokowe, kikavuka kwa boti na kuletwa mlangoni na hamali akiwa na punda wake. Kwa mwendo huo sina malalamiko, kwani pesa nilituma Jumatatu na kifurushi nikakipokea Alhamisi. Lalamiko langu ni lile lililokuwa ndani. Nilikuwa nimeagiza Utengano ya Said Ahmed Mohamed, na kilichokuja ni mwongozo wake: kijitabu chembamba cha wanafunzi, chenye dhamira, maudhui, wahusika na maswali ya marudio, na ambacho ukurasa wake wa tatu tu umeshakusimulia Maimuna anaishia wapi baada ya kuondoka nyumbani kwa baba yake. Nilipompigia muuzaji alinijibu, kwa upole lakini kama mtu asiyeona kosa, kwamba wateja wake wengi wanapotaja jina hilo huwa wanataka mwongozo. Basi ushauri wangu kwa mwenye kuagiza ni huu: mwambie muuzaji akutumie picha ya jalada kabla hujalipa.

Kosa la pili liligunduliwa na mama. Nilikuwa nikisoma, akaniinulia kidole. “Mwanangu, hapo umeshapasoma jana.” Nikamwambia hapana. “Umepasoma,” akasema, na alikuwa na haki. Kitabu hicho, ambacho sitakitaja kwa kuwa huenda ni nakala moja tu iliyoharibika, kilikuwa na kurasa za 113 hadi 128 mara mbili, na baada yake kikarukia ukurasa wa 145. Muuzaji, na hapa namshukuru, alizipiga picha kurasa kumi na sita zilizokosekana kutoka nakala nyingine na kunitumia siku ile ile, nikamsomea mama kutoka kwenye simu niliyokuwa naikimbia.

Sasa riwaya zenyewe. Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, ilikuwa sehemu yangu ya upelelezi. Bwana Msa, mpelelezi wa humo, na kiko chake walituburudisha jioni nne, na mama alimtaja mshukiwa wake tangu usiku wa kwanza akakataa kumbadilisha. Ni kitabu kizuri kwa wiki ambayo mvua haipumui, ila kinaisha upesi mno, na anayenunua riwaya za aina hii kwa ajili ya msimu mzima itambidi anunue nyingi. Siku Njema ya Ken Walibora nilikwisha kuijua tangu ujana. Safari ya kijana aitwaye Kongowea kutoka Tanga kumtafuta baba yake hadi bara ya Kenya bado inasomeka kwa utamu, na niliipitia kama mtu anayepita mtaa aliokulia.

Nagona ya Kezilahabi haifiki kurasa mia moja, na ndiyo iliyonichukua siku nyingi kuliko urefu wake. Niliianza usiku kwa taa ya sola nikaiacha, nikaianza tena mchana nikaiacha, mara ya tatu nikaacha kuuliza nani ni nani na hapa ni wapi, nikasoma kama mtu anayesimuliwa ndoto. Kwa namna hiyo iliingia, ingawa siwezi kudai kwamba niliielewa yote. Mama nilimsomea kurasa mbili akaniomba nirudi kwa Bwana Msa.

Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ni ya mwendo wa katikati. Inahusu Unguja ya wakati wa kupigania uhuru, na Yasmin, binti mdogo aliyeozwa mume wa umri wa baba yake, akatoka na kujitafutia maisha. Sehemu za mikutano ya siri ya akina Denge zilinipita haraka. Zilizonishika ni zile za nyumba ndogo, kitanda cha kamba na taarabu, ambapo mwandishi hana haraka hata kidogo.

Lakini vitabu vya msimu vilikuwa viwili. Cha kwanza ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022, ya riwaya ambayo Abdulrazak Gurnah aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1994. Niliwahi kuisoma kwa Kiingereza, katika nakala iliyoachwa na mgeni, na niliiona nzuri kwa mbali. Kwa Kiswahili ilikuwa kama vile watu wale wamevua viatu na kuingia ndani. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na Aziz, tajiri ambaye yeye anamdhania kuwa jamaa, na inamchukua muda kufahamu kwamba ametolewa kwa deni la baba yake. Mama alifahamu kabla yake. “Huyo ni rehani,” alisema, akaacha kukuna nazi. “Mtoto hajaambiwa, lakini huyo ni rehani.” Kutoka hapo hakuniruhusu kusoma bila yeye kuwapo, na misafara ya bara aliifuata kwa kuuliza bei: wamebeba nini, wameuza kwa kiasi gani, nani kawaibia. Kitabu kilituchukua wiki tatu, na katika muda huo hatukuwasha televisheni hata usiku ambao umeme ulikuwapo.

Cha pili hakikutoka Mombasa. Rafiki yangu aliyekuwa Dar es Salaam aliniletea juzuu mbili kuukuu za riwaya ya Aniceti Kitereza kuhusu Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Mzee huyu wa Ukerewe aliimaliza mwaka 1945 kwa lugha yake ya Kikerewe, na haikuchapishwa kwa Kiswahili hadi mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Mke na mume hawajapata mtoto, ndugu za mke wanamrudisha kwao, na mume anapokwenda kumwomba anatozwa pombe ya ndizi. Basi hiyo pombe inatengenezwa mbele ya macho yako, ndizi kwa ndizi, chungu kwa chungu, na mtu akimtembelea jirani yake salamu zinaandikwa zote bila kukatwa. Mama, ambaye kwake pombe ni haramu hata kitabuni, alinivumilia usiku wa kwanza. Usiku wa nne akauliza, “Haijaiva tu?” Usiku wa sita alikuwa amesahau uharamu wake, akitaka kujua kama wakwe watairidhia. Kwa majira marefu sijapata kitabu kinachokaribia hiki, na kwa majira mafupi nisingemshauri mtu akifungue.

Jambo moja ambalo hakuna muuzaji atakayekuambia ni kwamba nyumba za mawe za Lamu hazivipendi vitabu. Niliviweka kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwa kuwa vilipendeza hapo, na baada ya wiki mbili ukuta wa matumbawe na chokaa ulikuwa umevitolea jasho. Jalada la Siku Njema lilijikunja kama jani la tambuu, na ukingo wa Nagona ukaota ukungu wa kijani. Gundi ya vitabu vya sasa hulegea kwa unyevu, lakini zile juzuu mbili kuukuu, ajabu, hazikutoa hata karatasi moja. Tangu hapo vyote vimehamia kwenye bati kubwa la biskuti lenye kitambaa cha mchele uliokaangwa ndani yake, na kila Ijumaa ninavitoa juani.

Kwa muuzaji ninatoa nyota tatu kati ya tano: mbili zilizopungua ni za mwongozo na za kunikawiza. Utengano halisi ilinifikia wiki ya pili ya mwezi wa tisa, siku ambayo wageni sita walikuwa wakishuka gatini na mizigo yao. Sijaifungua. Ipo ndani ya bati, na mama ameshauliza mara mbili kwa nini wageni wamekuja mapema mwaka huu.