Tahadhari: "dawa ya vigae" inayouzwa kwenye chupa za maji zisizo na lebo

Jihadharini na wauzaji wanaopita nyumba kwa nyumba, na wengine mitandaoni, wakinadi dawa ya kutoa madoa bafuni "kwa dakika moja". Chupa ni ya maji ya kunywa, haina lebo, na ukifungua kifuniko mvuke unachoma pua. Kwa kawaida hiyo ni asidi ya hidrokloriki, na ukali wake haujui hata anayeiuza.

Onyesho lao ndilo linalonasa watu. Anamimina kidogo, povu linafura, doa linatoweka. Povu lile ni gesi ya kaboni dayoksaidi, inayotoka asidi inapoyeyusha chokaa iliyoachwa na maji ya chumvi. Shida ni kwamba saruji ya kwenye viungo vya vigae nayo ina chokaa, kwa hiyo inaliwa vilevile. Ukirudia mara kwa mara viungo vinamung'unyuka, maji yanapenya chini, vigae vinaachia. Bomba za kroma hubabuka kwa mvuke tu, na marumaru asilia hufifia palepale.

Kuna wanaoshauri uchanganye na jiki "ili iwe kali". Usithubutu! Hapo inatoka gesi ya klorini, na bafu dogo lisilopitisha hewa linaweza kukuua. Tena chupa ya maji ndani ya nyumba yenye watoto, hilo halihitaji maelezo.

Dawa halali huandikwa kiambato, mtengenezaji, namba ya toleo na alama ya hatari. Ukiambiwa "fomula ni siri", funga mlango.

Doa jeupe la chumvi linatoka kwa siki nyeupe na maji ya vuguvugu, nusu kwa nusu. Lowesha viungo kwanza kwa maji matupu ili visifyonze siki, paka, subiri dakika 10, sugua kwa brashi ya nailoni, suuza sana. Kwenye marumaru siki pia hapana. Utando wa sabuni: magadi ya kuokea na sabuni ya vyombo. Ukungu mweusi: jiki peke yake, iliyozimuliwa, dirisha wazi, siku nyingine kabisa, si ile uliyotumia siki. Kutu usiipake jiki, itazidi. Tumia asidi ya sitriki, kijiko kikubwa kimoja kwa nusu lita ya maji.

Aliyekwisha kurukiwa na dawa hiyo aoshe kwa maji yanayotiririka dakika 20, kisha hospitali. Aliyeimeza asitapishwe, apelekwe mara moja pamoja na chupa yenyewe.